Kogo Mdogo wa Jumamosi

Ukimpigia Rodah simu bila kumjua, utamwambia ampe mama yake simu. Kila mtu humwambia hivyo: watu wa benki, watu wa stima, hata daktari wa ng'ombe. Ana miaka thelathini na minane, amezaa wavulana watatu, na anachuma chai kuwashinda wanawake wengi wa hapa kwetu, nje kidogo ya mji wa Kericho. Lakini sauti yake ilikataa kukua. Ni sauti ya msichana wa darasa la kwanza. Akisimama kanisani kusoma matangazo, wageni hunyoosha shingo wakitafuta mtoto yuko wapi.

Mimi ni Nyambeki, jirani yake; hapa huniita Mama Duke. Mimi ni Mkisii. Nilikuja huku na marehemu mume wangu kuchuma chai, na sasa nina hoteli ndogo karibu na kituo cha kupimia majani. Watu husema nina mdomo. Ninao, ndiyo, na leo nitautumia, kwa sababu hadithi hii nimeisikia sokoni ikisimuliwa ovyo na imenikera sana.

Ilianza mwaka juzi. Vijana wanne waliomaliza chuo kule Kabianga walikuwa wanakunywa chai kwangu, Rodah akaingia akapaza sauti, "Mama Duke, niwekee mandazi mbili!" Vijana wakageuka wote, wakachungulia chini ya meza. Kumbe walikuwa wanachora katuni ya televisheni, ya kuchekesha, kuhusu mtoto wa miaka sita mwenye akili kuliko wazazi wake. Sauti ya mtoto ndiyo ilikuwa imewashinda. Walikuwa wamejaribu watoto halisi, lakini watoto walichoka, wakalia, wakataka kwenda kukojoa. Rodah hakuchoka. Wakamchukua, wakamfungia kwenye chumba walichokizungushia magodoro ukutani, akaongea humo.

Sasa, ili uielewe ile katuni, lazima ujue jambo moja la jirani zangu Wakipsigis. Mtoto akizaliwa, akina mama wazee humzunguka wakitaja majina ya waliokufa, moja baada ya lingine. Mtoto akipiga chafya, jina lililotajwa hapo ndilo lake. Yule mzee amerudi. Basi katika katuni, mtoto alipigia chafya jina la mama wa babu yake. Babu mwenyewe, na mvi zake, inabidi amwite mtoto "Mama", na mtoto anamtuma huku na huku. "Wewe, nawa miguu." "Wewe, ugoro wa leo umetosha." Iliitwa Kogo Mdogo, na kogo kwao ni nyanya. Wateja walicheka mpaka chai yangu ikamwagika mezani.

Vijana walitaka jina la zamani la huyo mtoto. Rodah, bila kufikiri, akawapa Tabutany. Hapo ndipo alipokosea. Tabutany lilikuwa jina la mama wa baba mkwe wake, Mzee Johana, na katika boma lile mke wa mtoto hathubutu kulitaja jina la baba mkwe, sembuse la mama yake. Isitoshe, mumewe Isaiah alikuwa amemsimulia maneno ya yule bibi wakikamua ng'ombe, na Rodah akayapenyeza kwenye mdomo wa katuni. Alipozinduka, ilikuwa imeshachorwa. Akaja kwangu mbio, akaniapisha nisimwambie mtu.

Jumamosi ya kwanza, saa kumi na mbili jioni, Mzee Johana alikuwa kwangu akinywa chai. Aliposikia jina la mama yake likitoka kwenye televisheni, alisimama na fimbo yake. Nikasema Nyasae, Mungu wangu, televisheni yangu imekwisha! Ndipo yule mtoto akasema, "Ng'ombe hakamuliwi kwa maneno." Mzee akabaki amesimama. Kisha akaketi polepole na kuvua kofia. Tangu siku hiyo alifika saa kumi na moja na nusu, akakaa benchi la mbele, na ole wako uongee.

Zilikuwa Jumamosi saba tu. Ya saba, babu wa katuni alikuwa na jino bovu, akakataa kung'olewa, akajificha ghalani kwenye mahindi. Kogo Mdogo akasimama mlangoni, mkono kiunoni, akafungua mdomo aseme, na hapo hapo ikaisha. Wiki ijayo, walisema. Wiki ijayo gani? Stesheni ilisema matangazo ya biashara hayakuja. Jumamosi ya nane tuliwekewa mieleka. Mzee Johana akatazama wanaume wazima wakibwagana wakiwa na chupi tu, kisha akaniuliza, "Mama Duke, yule mtoto ameenda wapi?"

Nikamwongezea chai. Alirudi Jumamosi tatu nyingine kuhakikisha.

Rodah naye hakutulia tangu siku hiyo. Alikuja hotelini akaosha vikombe ambavyo sikumwambia aoshe. Alianza kusuka kikapu, akakiacha. Alitembea na karatasi ya kipindi cha nane mfukoni, ile ambayo hawakuirekodi, imekunjwa mpaka imechanika. "Mama Duke," aliniambia, "nina maneno hapa kooni na hayana pa kwenda." Nikamwambia ayameze. Mimi nami, wakati mwingine, naongea upuzi.

Kisha kikaja kidole. Gamubuti lilimchubua Mzee Johana kidole cha mguu, na yeye ana sukari. Akanyamaza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku Isaiah alipokiona, kilikuwa cheusi na kinanuka. Daktari wa zahanati alikuja Jumatatu, akasema waziwazi: mzee afike hospitali kubwa kabla ya wiki kuisha wakikate kidole, la sivyo watakata mguu, na wakichelewa zaidi hakutakuwa na haja ya kukata chochote.

Mzee akakataa. Isaiah alimsihi. Mchungaji alimsihi. Chifu akaja na pikipiki. Sikio la kufa halisikii dawa! Aliketi kwenye kiti chake akasema, "Hakuna mtu juu yangu katika ukoo huu. Aliyeweza kuniamuru tulimzika kule Siongiroi miaka arobaini iliyopita."

Jumanne ikapita. Jumatano mguu ulivimba mpaka kwenye kifundo. Rodah alikuja kwangu mara sita siku hiyo, nikamhesabia. Aliketi, akainuka, akaenda mlangoni, akarudi. Ijumaa ndipo aliponiambia alichokuwa anakifikiria, nami nikaruka.

"Basi simama nje ya dirisha lake," nikamwambia. "Ongea ukiwa huko. Atadhani ni mama yake."

"Sitamdanganya mzee," akasema. "Nitasimama mbele yake anione."

"Wewe, watakurudisha kwenu!"

"Wanirudishe akiwa na miguu miwili."

Jumamosi asubuhi tukaenda. Nilikuwepo, kwa hiyo usisikilize ya sokoni. Isaiah alikuwa mlangoni na gari la kukodi likinguruma nje. Mzee alikuwa kitini, mguu juu ya kigoda, uso umekuwa wa majivu. Rodah ambaye kwa miaka kumi na sita huingia nyumba ile akiwa ameinamisha kichwa, akanong'ona salamu, akaweka uji mezani na kurudi kinyumenyume, aliingia kichwa juu. Akasimama katikati ya chumba. Akaweka mkono kiunoni. Niliona kidole chake kikigusa ile karatasi mfukoni, kisha akaiacha.

"Kibet!" akasema.

Lilikuwa jina la utotoni la Mzee Johana. Hakuna mtu aliye hai aliyekuwa na ruhusa ya kumwita hivyo. Isaiah alishika mlango kwa mikono miwili.

"Kibet, inuka hapo. Ng'ombe hakamuliwi kwa maneno, na mguu hauponi kwa kukaliwa. Vaa kiatu."

Haki, nilitaka ardhi inimeze. Mzee alimtazama mkwe wake. Alimtazama muda mrefu, kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka ndara, kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Jumamosi zote saba?"

"Zote." Mkono haukutoka kiunoni. "Na ya nane ndiyo hii."

Nje dereva akapiga honi, mjinga yule. Mzee Johana akashusha mguu kutoka kwenye kigoda, akauma meno, akausukuma kuelekea kiatu. Akajaribu mara mbili.

"Hakiingii, Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto kuliko ya Rodah.

"Basi utaenda na moja," Rodah akasema. Ndipo machozi yakamtoka, lakini hakuyapangusa mpaka mzee alipokaa ndani ya gari.

Walimkata vidole viwili. Mguu uko, na juzi nilimwona akiufokea kwa sababu unawasha.

Lakini nataka umalizie pale mapokezi ya hospitali, kabla hajakatwa. Nesi alikuwa anajaza fomu na kalamu yake, amechoka, hatazami mtu. Akauliza nani atatia sahihi ili mzee apasuliwe. Isaiah akasogea. Mzee akamzuia kwa fimbo na kumwonyesha Rodah.

"Huyu."

"Ni nani wako, Mzee?"

"Mama yangu."

Nesi akainua macho. Akamtazama Rodah, akamtazama mzee wa miaka sabini na sita mwenye kiatu kimoja, akanitazama na mimi, pengine nimsaidie. Nikakaa kimya, mara ya kwanza maishani mwangu.

"Mzee, naandika nini hapa?"

"Andika nilivyosema," akasema Mzee Johana. "Halafu mpe kalamu haraka, kabla hajanigombeza tena."