Maswali ya Wakili Ambayo Muvi Iliyaruka

Kazi yangu ni kutafsiri muvi. Nakaa mtaa wa Gungu, karibu na ziwa, kwenye chumba nilichobandika magodoro ukutani ili honi za bodaboda zisiingie kwenye maiki, namsemea kila mtu aliyemo: stelingi, adui, mama mkwe, hata mbwa. Mteja anakuja na flashi yake, anaondoka na muvi inayosema Kiswahili. Sharti la kazi hii ni kutonyamaza. Ukinyamaza kidogo tu, watu kwenye mabanda ya video wanadhani spika imekufa, wanaanza kuzomea. Na utani lazima uwepo, la sivyo wanakwenda kwa DJ mwingine, maana ndivyo tunavyoitwa sisi watafsiri wa muvi.

Mwaka jana nikaletewa muvi ya mauaji ya kimbari. Ilinikera tangu mwanzo. Huku kwetu mtazamaji huuliza kwanza stelingi ni nani, ajue nani hatakufa. Stelingi wa muvi hii alikuwa mwandishi wa habari wa Kizungu mwenye kamera shingoni. Waliokufa walifanana na majirani zangu, na wengi hawakupewa hata jina. Nilisimama, nikaketi, nikanywa maji, nikatoka nje kuangalia barabara bila sababu yoyote. Utani gani ningeuweka pale?

Nilikuwa bado nazungukazunguka mlangoni alipofika mama mmoja wa mtaa wa Katubuka, anayeuza dagaa ufukweni Kibirizi. Sisi nyumbani ni wateja wake. Alivuka ziwa zamani, wakati wa vita ya kwao, akafika peke yake. Mengine hakuwahi kusema, nasi hatukumuuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia una muvi yenye mahakama. Nionyeshe hiyo mahakama tu. Mapanga siyataki."

Akanieleza akiwa amesimama. Mtu aliyewaua watu wake amekamatwa Ulaya alikokuwa akiishi, na mahakama ya huko inamtaka yeye akatoe ushahidi. Wiki iliyofuata alitakiwa ajibu kama atakwenda au la.

"Wanamshitakije huko, na damu ilimwagika kwetu?"

Nikamwambia ninavyoelewa mimi, kwamba yapo makosa ambayo sheria ya kimataifa inayahesabu ni ya watu wote, na aliyeyafanya anaweza kushitakiwa hata ugenini.

"Ego," akaitikia kwa lugha yao. "Hilo hata wao walinieleza. Mimi nataka kujua wataniuliza nini."

Nikaipeleka muvi mbele hadi mahakamani, nikamtafsiria polepole, bila mzaha. Shahidi akapanda kizimbani, akalia. Muziki wa huzuni ukaingia. Jaji akagonga nyundo, watu wakakumbatiana, yakapita maandishi meupe ya kusifu haki za binadamu.

"Basi?"

"Basi, mama."

"Na wakili wa yule muuaji? Hakuuliza kitu?"

"Wameruka."

Hasira ilinipanda mpaka nikaipiga meza. Saa nzima ya mapanga wameiweza, dakika chache za maswali zimewashinda! Nilishakaa mahakamani kwenye kesi ya kiwanja ya shangazi yangu, na kwa kiwanja tu wakili wa upande wa pili alimtoa jasho hadi akasahau jina la mumewe.

Mama akaketi kwenye stuli yangu. Alikuwa akikunja ncha ya kitenge chake, akiikunjua, akiikunja tena.

"Wewe unasema sauti za watu wote. Basi niulize wewe."

Nilikataa. Akangoja. Nikakataa tena, naye hakuinuka. Mwishowe nikakohoa, nikaitoa ile sauti nzito ninayowapa mawakili.

"Mama, unasema ulikuwa umejificha. Ulimjuaje mtu usiyemwona?"

"Nilimsikia."

"Sauti za watu hufanana."

"Huyu alikuwa jirani yetu. Aliwaita wanangu kwa majina yao ya nyumbani, mmoja mmoja. Wakatoka wakimkimbilia."

Nilitaka kutoka mle chumbani, niende popote. Nikajifanya natafuta waya chini ya meza ili asinione uso.

"Mwanangu, inuka," akasema. "Mimi huko Ulaya nakwenda. Uliza tena."