King'ora ambacho shangazi hakukisadiki

Leo shangazi yangu amekataa kutoka mtoni, na sikuweza kumlaumu.

Kazi yangu kule bwawani ni kukadiria maji yatakayoingia, ili wajue wakati wa kufungua milango. Juzi nilisema yatakuwa mengi. King'ora cha kuwaonya walio mtoni kikalia, wamama wakakimbia na nguo zenye sabuni.

Mvua ikaenda kunyesha Burundi, mto haukupanda.

Leo kimelia tena. Hakuna aliyeinuka. Semeni ukweli, nyinyi mungeinuka?

Nikashuka mwenyewe. Shangazi akaniangalia. "Weye tena? Miye iko nafua."

Nikabeba blanketi lake lililolowa, nikapanda nalo. Akanifuata akinung'unika, na wenzake nyuma.

Muda si mrefu, mawe ya kufulia yakafunikwa na maji.

Shangazi akashika ncha ya blanketi. "Shika upande ule, tukamue."