Kumwalika Mama Harusini

Wiki tatu kabla ya harusi yangu, bibi mmoja Myahudi niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake Bredäng, huku ughaibuni, aliniuliza kama nimeshamwalika mama yangu. Nilikuwa namfunga vifungo vya sweta. Nikamkumbusha kwamba mama alifariki kwetu Uvira, na kaburi lake sijaliona tangu nilipokimbia.

"Najua amefariki," akasema. "Nimekuuliza kama umemwalika."

Kwao, akanieleza, mtu anayeoa au kuolewa huenda kwanza makaburini kuwaalika wazazi waliotangulia. Yeye alipoolewa hakuwa na kaburi la kwenda, maana wazazi wake waliuawa vitani na hakuna ajuaye walikolala. Basi akaenda kwenye kaburi la shangazi wa mchumba wake, mtu asiyemjua hata kwa sura, akamwomba awafikishie mwaliko. Sasa mumewe naye alikuwa amelala makaburini, na angeweza kunifikishia mwaliko wangu.

Kanisani kwetu Skärholmen kuongea na wafu ni mambo ya mizimu, na mchungaji angepata mahubiri ya mwezi mzima. Hilo ningelivumilia. Niliyemwogopa ni mama mwenyewe. Mchumba wangu nilimzidi miaka sita, na bibi alilijua hilo. Asilolijua ni kwamba mama ndiye aliyemcheka jirani yetu aliyeolewa na kijana, mpaka yule mwanamke akawa anapita njia ya nyuma. Nilikuwa naipanga harusi nzima nikijiambia kwamba afadhali mama hayupo kuuliza. Nilimlilia na papo hapo nikashukuru hayupo, na aibu hiyo sikumwambia mtu.

Tulikwenda siku ya Ijumaa asubuhi, kwa kuwa Jumamosi Wayahudi hawazuru makaburi. Ulikuwa mwezi wa tano, jua limejaa. Bibi alivaa kofia ya manjano, na nilipomwambia si ya makaburini akajibu kwamba msiba uliisha zamani. Kwa desturi yao akaweka kijiwe juu ya kaburi, kisha mkono wa kushoto, akaanza kumsema mumewe: bomba la jikoni bado linavuja, na leo kuna ujumbe wa kupeleka, asiusahau kama alivyokuwa akisahau maziwa. Nikamuuliza kama babu ataelewa Kiswahili.

"Yuko huko miaka tisa," akasema. "Hana kazi nyingine, atakuwa ameshajifunza."

Akasogea pembeni. Nami nikaweka mkono wa kushoto, nikamweleza mama kwa sauti ndogo: siku yenyewe, ukumbi wa Fittja, sombe ya majani ya muhogo na samaki, gauni lililonibana kiunoni. Nikasema bwana harusi ni fundi umeme, anamcha Mungu, na jikoni ananishinda. Nikashukuru, nikageuka kuondoka.

Bibi hakujua neno hata moja la Kiswahili, ila usoni alinisoma vizuri. Akauliza kama umri wa bwana harusi nimeutaja. Nikatikisa kichwa.

"Rudi," akasema. "Mama yako atakuja kumwona siku ya harusi. Utamficha wapi?"

Nikarudi. Mkono ukatua tena juu ya jiwe, ambalo sasa lilikuwa limepata joto la jua.

"Mama, huyu bwana mi namupita miaka sita," nikasema kwa Kiswahili cha kwetu. "Ulikuwaka unamucheka jirani. Sasa angalia mwenyewe."

Nikangoja kusemwa. Badala yake kikanijia kicheko chake, kile cha kujipiga mapaja na kukosa pumzi, nami nikacheka hivyo hivyo, mpaka nikalishika kaburi la watu kwa mikono miwili, machozi yananitiririka na sina haja ya kuyafuta.

Getini kuna bomba, na desturi yao ni kunawa mikono kabla ya kutoka. Tukiwa tunanawa, bibi akaniuliza mama amesemaje. Nikamwambia hajasema kitu, tumecheka tu, na sikuwa nimecheka na mama yangu kwa miaka kumi na mmoja.