Upande wa Kushoto

Kuna wakati nilikuwa nalipwa kusikiliza. Nikisema hivyo watu hucheka, lakini ndiyo kazi niliyokuwa nayo. Serikali za kaunti zilipoanza, Isiolo ilijaa mikutano. Iwe ni barabara, zahanati au soko la mifugo, ilibidi wananchi waitwe, wakae, watoe maoni, na maoni hayo yarekodiwe. Ofisi moja ndogo ya watafiti ilikuwa imekodi vyumba viwili juu ya duka la mapazia. Mimi nilikuwa nimefundisha shuleni Kulamawe miaka kadhaa bila kuajiriwa rasmi, na wakanichukua kwa sababu najua Kiborana, Kiswahili na Kisomali cha kuniwezesha kuelewana na mtu. Walinipa laptopu kuukuu na faili za sauti. Niliandika kila neno lililosemwa, na aliyelisema kama ni mwanamume au mwanamke, mzee au kijana. Pale ambapo nilishindwa kusikia niliandika neno moja tu: haisikiki.

Nilifanyia kazi nyumbani, mtaa wa Bulla Pesa, katika chumba nilichopanga pamoja na baba yangu. Ukuta wetu wa nyuma ulipakana na fundi wa kuchomelea vyuma, na mbele jirani alikuwa na redio isiyopumzika. Bila visikizi, au earphone kama kila mtu anavyoziita mtaani, nisingeandika hata sentensi moja. Vyangu vilikuwa vile vidogo vya kuingiza ndani ya sikio, vyenye waya, nilivyonunua kwa mchuuzi wa pale steji ya matatu. Nilivitumbukiza kwenye mkoba pamoja na funguo, sarafu na chupa ya mafuta ya nywele, na sikuwahi kuvifikiria tena.

Miezi michache baadaye nilianza kuona kwamba sikio langu la kushoto linazama. Sina neno jingine la kulieleza. Kulia nilisikia mtu akivuta pumzi kabla ya kusema. Kushoto sauti ilikuja kama ya mtu anayeongea huku amejifunika blanketi. Siku zilivyosonga, blanketi likaongezeka uzito.

Mtu mwingine angeenda hospitali, au angalau angekagua visikizi vyake. Mimi sikufanya lolote, kwa sababu ya baba.

Baba alikuwa dalali wa ng'ombe, mtu anayesimama kati ya muuzaji na mnunuzi mpaka wakubaliane. Alipofika umri kama wangu wa wakati ule, sikio lake la kushoto lilianza kuzima, na halikukaa sana kabla ya la pili kulifuata. Nilikuwa msichana mkubwa, kwa hiyo nakumbuka vizuri. Alianza kwa kugeuza kichwa, akimletea msemaji upande wa kulia. Kisha akawa anaitikia mambo ambayo hayakusemwa. Siku moja sokoni alitangaza bei ambayo muuzaji hakuitaja, kukawa na ugomvi, watu wakasema dalali huyu si mwaminifu. Baba hakuwahi kudanganya mtu. Alikuwa tu hasikii. Hakurudi sokoni tena. Nilipohamia naye Bulla Pesa, tulizungumza kwa mikono na kwa kupiga kelele, na mara nyingi tulinyamaza.

Kwa hiyo sikio langu la kushoto lilipoanza kuzama, niliona njia nzima niliyokuwa nikienda. Nilijikuta nageuza kichwa dukani. Mwanamke mmoja tuliyezoea kuswali pamoja alinisalimu kwa kushoto barabarani, nikampita, na alipolalamika baadaye nilisema nilikuwa na haraka. Sikumwambia mtu. Nilipandisha sauti ya laptopu, na ilipogota nikaweka programu ya kuipandisha zaidi. Jioni masikio yalikuwa yakilia ngiii, nikalichukulia hilo kuwa ushahidi mwingine.

Kisha zikaja faili za mkutano wa upande wa Merti. Mkutano ulihusu mahali pa kuchimba kisima cha mashine na kuweka tangi. Wanaume waliongea kwa saa nzima, nami nikawaandika wote, na upepo na mbuzi wao. Wanawake walipopewa nafasi, nilisikia mnong'ono tu. Nikaandika haisikiki. Wa pili, haisikiki. Niliandika hivyo kurasa tatu.

Msimamizi wetu, mwanamume mtaratibu aliyetoka upande wa Nyeri, aliniita ofisini.

"Madam, hii ya Merti," akasema, akigeuza kurasa. "Wanaume wote wanasikika. Wanawake hakuna hata mmoja?"

"Waliongea chini sana."

"Wote?"

Aliniangalia kidogo, bila ubaya. "Ripoti naipeleka Ijumaa. Jaribu tena. Ikishindikana, tutaandika tu kwamba wanawake walihudhuria."

Nilishuka ngazi. Ilikuwa Jumanne, karibu saa nne asubuhi. Niliona imebaki njia moja, ninunue visikizi vyenye sauti kubwa kuliko vyote vilivyopo Isiolo, nimalize kazi ya Merti, halafu niache kazi kwa heshima kabla hawajagundua kwamba wamemwajiri kiziwi awasikilizie.

Duka nililoingia lilikuwa la mama mmoja Mmeru, jembamba kama ushoroba, simu mbele na vipuri nyuma. Alikuwa amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akifungua simu ya mtu kwa bisibisi ndogo.

"Karibu, mama. Habari ya leo?"

"Nzuri. Nataka earphone ya waya, ya kuingia ndani ya sikio. Yenye sauti kubwa kabisa."

"Kubwa ya nini? Ngoma?"

"Ya kusikiza watu wakiongea."

Aliweka bisibisi chini. "Sasa hiyo si kubwa unataka. Unataka safi. Kubwa itakuua masikio na bado hutasikia."

Sijui ni kwa nini neno hilo lilinivunja. Labda ni kwa sababu alikuwa mgeni kwangu. Nilimwambia kwamba la kushoto limeshaanza kufa, kwamba ni la ukoo, na kwamba ninachotaka ni kitu cha kunivusha wiki hii tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono.

"Hebu lete hizo zako."

Nilizitoa mkobani, akazitazama, akanirudishia. Rekodi ya Merti nilikuwa nimeihamishia kwenye simu.

"Chomeka kwa simu yako, weka hao watu wako wanaongea. Ya kushoto weka kushoto kama kawaida. Inasikika?"

"Kidogo. Kama iko mbali."

"Haya. Sasa badilisha. Ya kushoto weka sikio ya kulia."

Nilibadilisha. Blanketi likahama. Sikio langu la kulia, lile zima, ndilo sasa lililokuwa limefunikwa, na la kushoto, lile nililokuwa nimeshalizika, lilikuwa linasikia mzee wa Merti akisafisha koo kana kwamba amesimama hapo kati ya simu na chaja.

Nilirudia mara tatu. Mama yule hakunicheka. Alivuta stuli akanikalisha.

"Sikio yako haina shida," alisema. "Shida ni hii." Alikiinua kile cha kushoto karibu na taa, akaondoa mpira wake, nikaona: wavu mdogo wa mdomoni ulikuwa umezibwa kabisa na vumbi na mafuta ya nywele. Alijaribu kuusafisha kwa mswaki. Wavu ukatoka mzima mzima ukaanguka sakafuni. "Basi, hii imekufa," akasema, na hapo ndipo wote wawili tulipocheka, mimi zaidi, nikifuta macho kwa pembe ya mtandio.

"Na mbona nimekuwa sisikii watu barabarani?"

"Nani anasikia watu hii barabara?" Lori lilikuwa linapita wakati huo, ikabidi aseme mara mbili.

Sasa tukachagua visikizi kwa utulivu, watu wawili wasio na haraka. Aliuliza kama nataka vile visivyo na waya. Nilisema laptopu yangu haiwezi kuviona, na tena mimi hurudisha sauti nyuma mara mia kwa siku. Sitaki kitu kinachoishiwa chaji katikati ya sentensi ya mtu. Akakubali. Alipanga pea sita juu ya kioo cha kaunta. Mbili zilikuwa na maboksi ya kung'aa yenye maandishi ya besi kubwa. Nilizijaribu kwa rekodi ya Merti, si kwa muziki, na upepo ukawa ngurumo na wazee wakawa mapipa. Ya tatu ilikuwa nyembamba mno, kila "s" ilichoma. Ya nne ilisikika vizuri lakini mpira wake ulikuwa mkubwa kwa sikio langu na ulitoka kila nilipofungua mdomo.

Ya tano ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki usio na picha yoyote. Waya wake ulikuwa mnene kidogo, na penye pini palikuwa na mpira wa kuuzuia usivunjike. Ilikuja na mipira ya saizi tatu. Alinivalisha ile ndogo, akaniambia nivute ncha ya sikio juu kidogo nikiingiza, ikae. Makelele ya barabara yakazima kama mtu amefunga mlango. Nikabonyeza. Sikusikia besi wala madoido. Nilisikia watu. Nikapunguza sauti hadi nusu, kisha chini ya nusu, na bado nilisikia mtu wa pembeni akimwambia mwenzake asogee kwenye kivuli.

"Hii," nikasema.

Bei yake ilikuwa kama ya kilo mbili za nyama. Nilitegemea kulipa zaidi sana, na uso wangu lazima ulionyesha, kwa sababu alisema, "Ungetaka nikuuzie hii ya boksi?" Akaniongezea kijaluba cha kuiwekea na kuniamuru nisiichanganye na mafuta tena.

Nyumbani sikuvua hata mtandio. Nilifungua faili ya Merti, nikaelewa kitu kingine. Kinasa sauti kilikuwa na maikrofoni mbili, moja ya kulia na moja ya kushoto. Wanaume walikuwa wamekaa kulia. Wanawake walikaa kushoto. Hawakuwa wameongea chini. Waliongea kwa nguvu, wengine kwa hasira, na mimi nilikuwa nimewafuta kurasa tatu kwa sababu ya uchafu wa mkoba wangu.

Mmoja wao, wa sauti ya kikongwe, alisema kwa Kiborana: "Hapo mnapotaka kuchimba, mto ukijaa sisi huhama. Maji ya vyoo yanapita hapo hapo. Mimi nimehama mara nne. Chimbeni kule juu, tunapofunga ndama. Mbona hamtuulizi?" Na wenzake wakaitikia, ndiyo, ndiyo, kule juu.

Niliandika mpaka vidole vikauma. Jumatano alasiri nilipeleka kurasa tisa. Nilimweleza msimamizi ukweli wote, pamoja na mafuta ya nywele, nikitarajia maneno makali. Alisoma akiwa amesimama. Kisha akaketi, akavuta ripoti aliyokuwa ameshaifunga, akaanza kuifungua pini kwa kucha.

"Ingekuwa aibu kubwa," alisema. "Asante kwa kurudi."

Jioni hiyo nilikuwa napika. Baba alikuwa mlangoni, akitazama watu wakipita. Nilimsogelea nikamwambia kwa sauti yetu ya kupiga kelele, kwamba niliogopa sikio langu linakufa kama lake, na kwamba si kweli, ni earphone iliyoziba.

Ilibidi niseme mara mbili. Kisha alinishika mkono.

"Nilikuona," akasema. "Unageuza kichwa. Nilijua hiyo. Nikasema nimemwachia binti yangu kitu kibaya."

"Abba, sina kitu. Ni vumbi tu."

"Ni vumbi?"

"Ni vumbi!"

Jirani alipunguza redio kutazama ni nini kinatokea. Baba alikuwa anacheka, kicheko cha pumzi, mabega yakipanda na kushuka, na aliendelea kurudia neno hilo, vumbi, vumbi, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepona. Usiku ule alikula sahani mbili.

Miezi kadhaa baadaye ofisi ilirudi Merti kuwasomea watu kilichoandikwa, nami nikachukuliwa nisome sehemu ya Kiborana. Tulikaa chini ya turubai. Nilipofika maneno ya kikongwe yule, mwanamke mwembamba katika safu ya mbele aliinua fimbo yake.

"Huyo ni mimi," alisema. "Kumbe mlisikia."

Mhandisi wa maji aliyekuja nasi aliuliza ni wapi huko juu penyewe. Wanawake walisimama, wakakung'uta nguo zao, wakaanza kupanda, na yeye akawafuata na vifaa vyake vya kupimia. Mimi nilifunga daftari na kutoka kwenye turubai. Upepo ulikuwa unavuma kwa nguvu, ndama walikuwa wanalia, na nilisimama pale nikiwasikiliza wakibishana na mhandisi hadi walipofika kileleni.