Ubatizo wa Mzee Bwira

Euphrasie alikuwa shemasi wa kanisa la Kiprotestanti la Buleusa, kijiji cha milimani, na mtu akiuliza njiani ni nani hapo anayejua kuomba, alionyeshwa nyumba yake kabla hajamaliza swali. Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye sauti iliyozoea kuanzisha nyimbo. Siku za kazi alilima mihogo na maharagwe. Jumapili alifundisha watoto Neno. Aliokoka akiwa msichana, katika mkutano wa injili, na tangu siku hiyo alishikilia jambo moja kama mtu anayevuka mto anavyoshikilia kamba: kwamba mtu haokolewi kwa wema wake. Anaokolewa kwa neema, kwa kumwamini Yesu kabla pumzi haijakatika, basi.

Jambo hilo lilimpa raha miaka mingi. Kisha baba yake akafa, na raha ikageuka mwiba.

Mzee Bwira alikuwa mwindaji, na hakuwahi kubatizwa. Kabla ya kwenda kutega porini alisimama kwanza kwenye kijibanda cha mababu nyuma ya nyumba, akaacha kipande cha ndizi au tone la pombe, akasema maneno yake chinichini. Lakini nyama ikipatikana, paja la kwanza lilikwenda kwa wajane. Mgonjwa akibebwa kwenye kipoyi, ile machela ya miti miwili na blanketi, yeye alishika mbele, mahali ambapo uzito wote huja juu ya bega mkiteremka mlima. Verdiane, mkimbizi aliyefika kutoka Ngungu na watoto wake na sufuria moja, alikatiwa na mzee huyo kona ya shamba na kujengewa nyumba bila kuulizwa kabila lake.

Alipolala na homa yake ya mwisho, Pasta Jean-Claude alikuja kumsihi atubu. Mzee aligeukia ukuta.

“Mumwambie arudi kesho,” alisema.

Alfajiri alikuwa ameshakata roho. Euphrasie alibaki na neno hilo, akiligeuza na kuligeuza kama jiwe mdomoni. Je, lilikuwa neno la mtu anayefungua mlango, au la mtu anayemfukuza mgeni kwa adabu? Hakumuuliza mtu yeyote, kwa kuwa alijua jibu ambalo kanisa lake lingempa.

Mwaka wa tatu tangu msiba, mdogo wake Luc akarudi kutoka Bukavu, alikokuwa mwashi. Alishuka kwenye pikipiki amevaa shati jeupe na tai, tope limemfika magotini. Asubuhi mama yao, Mama Naomie, akamkaribisha chai. Luc akakisukuma kikombe pembeni polepole.

“Uko mugonjwa?” mama akauliza.

“Hapana, Mama. Kwetu hatukunywake chai.”

“Kwetu ni wapi, kama haiko hapa?”

Ndipo akaeleza. Kule Bukavu vijana wawili walimkuta kazini, wakamfundisha, akabatizwa katika kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao watu huwaita Wamormoni.

Euphrasie aliweka chini kisu cha kumenyea mihogo. “Sasa chai njo inapeleka muntu mbinguni?”

“Chai haiokoe muntu, dada. Yesu njo anaokoa. Lakini muntu mwenye kumupenda anashika amri zake.”

“Basi mumeongeza. Musalaba haukutosha, mukaongeza ya kwenu.”

“Imani yenye haina matendo ni maiti. Hata Biblia yako inasema hivyo.”

“Inasema pia kama ni zawadi, muntu asijisifu!”

Wangeendelea, lakini Mama Naomie alichukua kile kikombe akakinywa yeye mwenyewe, na kwa siku kadhaa nyumba ikawa na amani ya paka na mbwa waliofungiwa chumba kimoja. Luc alirekebisha paa. Alipita kwa wazee akiwauliza majina ya mababu, nani alimzaa nani, akiyarekodi katika simu. Euphrasie alimsikia kupitia ukuta akiomba asubuhi na jioni, na kila alipomsikia alikasirika kidogo, kwa sababu aliomba vizuri.

Jioni moja, wakiwa wanakula, Luc alitoa lililomrudisha nyumbani.

“Mama, niko na kitu ya kukuomba. Inahusu Papa,” alisema, kama walivyozoea kumwita baba yao.

Alieleza taratibu, akichagua maneno. Katika kanisa lao, aliye hai anaweza kuingia majini kwa niaba ya aliyekufa bila ubatizo. Jambo hilo linafanyika hekaluni Kinshasa, jina kwa jina, na ndiyo maana alikuwa akikusanya majina ya mababu. Kule aliko, marehemu anapelekewa habari, naye ana hiari ya kukubali au kukataa. Lakini mjane wa marehemu akiwa hai, hakuna kinachofanyika bila ruhusa yake.

Euphrasie alisimama. “Muntu akifa, mulango umefungwa. Haiko maji ya Kinshasa yenye itaufungua.”

“Basi sema, dada. Sema mbele ya Mama. Papa iko wapi sasa?”

Kijinga kimoja kilipasuka motoni. Euphrasie alifungua mdomo, na sentensi aliyowafundisha watoto kila Jumapili haikutoka. Alitazama mikono ya mama yake, iliyokuwa ikimega ugali bila kuupeleka mdomoni. Akatoka nje.

Mama Naomie hakujibu ndiyo wala hapana.

Habari haikuchelewa kufika kwa Pasta. Jumapili, baada ya mahubiri, alimwita Euphrasie mbele. Hakuwa mtu mbaya, Pasta Jean-Claude. Aliogopa tu kundi lake lisitawanyike, maana vita vilishalitawanya mara nyingi. Alisema, “Shemasi wetu, watu wanauliza. Nyumbani kwako kumeingia mafundisho mengine. Uko upande gani?”

Euphrasie aliona nyuso za wanafunzi wake. Akasema kwa sauti ile ya kuanzisha nyimbo:

“Kanisa ya ndugu yangu haiko ya Kristo.”

Watu wakasema amina. Verdiane peke yake, kwenye benchi la nyuma, hakusema. Walipotoka alimsubiri mlangoni.

“Mama shemasi, miye sikusoma mambo ya dini,” alisema. “Lakini maneno yenye umesema leo, ni mazito kuliko vile unafikiri. Huku kwetu neno inatembea.”

Nalo lilitembea. Lilipovuka mto wa kwanza, dini ya Luc ilikuwa ya wageni. Lilipopanda mlima, Luc alikuwa analipwa na watu wa mbali. Lilipofika kwa vijana wenye silaha waliokaa juu ya njia, lilikuwa limekutana na habari nyingine, ile ya mtu mwenye shati jeupe anayezunguka akikusanya majina. Na katika nchi hii, mtu anayekusanya majina huhesabiwa mpelelezi, wala haulizwi mara mbili.

Siku chache baadaye Mama Naomie akashikwa na tumbo. Muuguzi wa kituo cha afya alimbonyeza, akatikisa kichwa: utumbo umejifunga, lazima apasuliwe, mumpeleke hospitali leo. Mvua ilikuwa imeharibu njia, pikipiki hazikupita. Wakafunga kipoyi. Luc akashika mbele pamoja na jirani mmoja, wanaume wengine wawili nyuma. Euphrasie na Verdiane wakafuata na vyungu na nguo.

Walikuta kizuizi baada ya saa sita mchana, mwanzi mmoja uliolazwa kukata njia, na vijana watano. Mkubwa wao alitoka kwenye kivuli cha migomba, bunduki begani. Euphrasie alimtambua kabla hajasema. Alikuwa Sylvain, ambaye zamani alikaa mbele katika darasa lake la Jumapili, akiimba kuliko wote.

“Mushushe mugonjwa,” Sylvain alisema. Kisha kwa Luc: “Weye njo ule wa majina?”

“Ni majina ya mababu wetu,” Luc alijibu. “Wote walishakufa.”

“Wafu wanaitiwa nini? Lete telefone. Piga magoti.”

Luc alipiga magoti kwenye tope. Shati lake lilikuwa bado jeupe, na jambo hilo lilimtisha Euphrasie kuliko bunduki, kwa sababu lilimfanya aonekane kama mtu aliyekwisha kutengwa. Kwenye kipoyi mama yao aliguna, akauma kona ya blanketi.

Sylvain akamgeukia Euphrasie. Sauti yake ikawa na heshima, na heshima hiyo haikumsaidia mtu.

“Mama Euphrasie, weye ulitufundisha tusiseme uongo. Tulisikia mpaka huku vile ulisimama mu kanisa ukasema dini yake haiko ya Kristo. Bon. Utuambie sasa. Huyu ni muntu wa Mungu, ao ni mupelelezi mwenye kujifunika na Mungu? Ukisema ni wa Mungu, mutapita wote. Ukisema hapana, yeye atabaki na siye.”

Euphrasie alitafuta andiko. Miaka yote hiyo andiko lilikuja lenyewe, kama ndama ajuaye sauti ya mchungaji wake. Sasa hakukuwa na kitu, ila joto, na nzi, na mgongo wa Luc. Aliona vizuri mtego ulivyokaa. Akisema Luc ni wa Mungu, amelivunja neno alilolitoa mbele ya kanisa, na watoto wataambiwa. Akilishika neno lake, atakuwa ameilinda imani yake kwa damu ya ndugu yake.

“Sylvain,” alisema, “miye nilisema juu ya kanisa. Nilisema kwa ukali, na nilisema mbele ya watu wenye hawamujue. Huyu muntu miye namujua. Anaita jina ya Yesu asubuhi na jioni, niko namusikia kwa ukuta. Kama amekosea njia, atajibu mbele ya Mungu, na miye nitajibu ya kwangu. Lakini ni muntu wa Mungu. Nimesema.”

“Unaapa?”

“Sikukufundisha kuapa.”

Mmoja wa vijana alicheka. Euphrasie hakusubiri jibu la Sylvain. Alitua chungu, akainama, akaweka bega chini ya mti wa mbele, pale pa Luc. Verdiane naye akaja akashika mti uleule pamoja naye.

“Mama anakufa,” Euphrasie alisema. “Kama munapiga, mupige.”

Hakuna aliyepiga. Sylvain aliitia simu mfukoni mwake, akausukuma mwanzi kwa mguu. “Mwende,” alisema bila kuwatazama. Luc akainuka na kuwafuata. Walipopita kilima cha pili ndipo Euphrasie alipokubali apokewe mzigo, naye akakaa chini kando ya njia.

Mama Naomie alipasuliwa, akapona. Alipoanza kunywa uji, Luc alikaa karibu na kitanda, hana simu wala majina, hakuthubutu kuuliza. Mama mwenyewe ndiye aliyeanza.

“Ile ya maji ya Kinshasa. Ulisema Papa yenu anaweza kukataa?”

“Ndiyo, Mama. Hakuna mwenye kulazimishwa.”

“Basi muende mumuulize. Nilikaa naye miaka yote, kukataa anajua.”

Luc alicheka hadi akalia. Euphrasie hakucheka. Alitoka uani, akasimama kwenye kamba za nguo, akajiuliza kwa nini kifua chake kimekuwa chepesi hivyo kwa jambo asiloliamini.

Waliporudi Buleusa alikwenda kwa Pasta kabla Pasta hajamwita. Alimweleza yote, hata lile alilolisema kizuizini. Pasta Jean-Claude alifuta miwani yake.

“Ulisema ili kumuokoa ndugu yako,” alisema. “Watu wataelewa. Simama tu Jumapili ukatae yale maneno.”

“Sitakataa, Pasta. Naamini neema kama zamani, pengine kuliko zamani. Lakini kupima fungu ya muntu mwingine mbele ya Mungu, hiyo sitafanya tena.”

Akaondolewa ushemasi. Watoto walipewa mwalimu mwingine. Jumapili anakaa benchi la nyuma na Verdiane, na wimbo ukianza chini mno, watu hugeuka kumtazama, naye huinua sauti, maana hilo hakuna aliyemkataza.

Luc alifika Kinshasa na waumini wenzake mwaka uliofuata, akaingia majini kwa jina la baba yake. Alipiga simu siku hiyohiyo. Euphrasie alikuwa shambani anavuna maharagwe. Alisikiliza, akasema amesikia, na kwamba maji hayo hayaongezi kitu juu ya damu ya Yesu. Luc akasema hakuna aliyesema yanaongeza. Wakabishana hapo, yeye na jembe lake, ndugu yake na tai yake, hadi mtandao ulipokatika.

Kila Jumapili jioni, Luc akipiga simu, wanabishana hivyo. Hakuna aliyemgeuza mwenziwe. Mama Naomie hukaa kando ya simu, akinywa chai yake, akiwasikiliza.