Ng'ombe Asiye na Pembe

Juzi nilikuwa nasubiri fotokopi dukani, mjini Kamembe, nimekaa karibu na bwana mmoja anayetengeneza mchezo wa kompyuta kwa kujifurahisha tu. Programu ilikuwa imegeuza picha ya ng'ombe wake kuwa mistari ya moja na sifuri: moja ni kiraba cheusi, sifuri ni kitupu. Lakini kwenye skrini ng'ombe alitokea hana pembe.

Mama aliyekaa upande wake wa pili, na kitambaa cha kudarizi mapajani, akanyoosha shingo.

"Papa, hii njo ngombe ao ni kiti?"

"Ni ngombe, Maman. Mashini ilikula pembe."

"Mashini haijuwe ngombe. Leta karatasi ya tunyumba."

Akapewa karatasi ya mirabamiraba, akahesabu viraba kwa ncha ya sindano, kama anavyohesabu nyuzi, akitoboa kimoja, akiruka viwili. "Pembe inapandaka kama ngazi. Andika: moja, sifuri, sifuri."

Bwana akaandika. Pembe zikaota mbele ya macho yangu.

Nikiri, sikufurahi hata kidogo. Mimi pia nina mchezo wangu, na ng'ombe wangu huu ni mwaka wa pili anafanana na meza. Nikaondoka bila kuaga, nikijiuliza kwa nini bahati ya kukaa karibu na mama kama yule huwaangukia wengine.

Nyumbani nikamwaga wivu wote kwa mke wangu. Alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, anadarizi. Hakuinua macho.

"Papa ya batoto, miaka hii yote uliniona niko nahesabu. Uliwaza niko nahesabu nini?"