Kilio cha Kuazima

Studio yangu ni kabati. Sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Ni kabati la nguo, la ukutani, katika nyumba ya kupanga hapa Migori. Nguo zangu ziko kwenye sanduku chini ya kitanda, na mahali pake nimening'iniza mablanketi mazito, nikaweka maikrofoni na kiti kifupi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi natafuta cha kabatini, na mgongo wangu unajua. Humo ndani nimekuwa mama anayesifu sabuni, benki inayokuomba ubonyeze moja, na hata mwalimu wa ufugaji wa kuku. Kuku wenyewe sina. Wa jirani wananitosha, tena wananiudhi, kwa sababu jogoo wake hana adabu: husubiri nifike sentensi ya mwisho ndipo awike.

Siku ninayoipenda ni Jumamosi. Majirani wangu karibu wote ni Wasabato, na asubuhi hutoka na watoto wao, viatu vikimeremeta, wasirudi hadi jioni. Fundi wa kuchomelea vyuma aliye nyuma yetu naye hufunga. Mimi ni Mkatoliki, lakini sijui kama kuna Msabato anayeingojea Sabato kwa hamu kunishinda.

Dani, yaani nyanya yangu mzaa baba, alifariki nikiwa katikati ya yale masomo ya kuku. Kazi ile ilikuwa kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, na mwenye kazi, aliyekuwa Nairobi, alikuwa amesisitiza jambo moja tangu mwanzo: sauti isibadilike. Somo la mwisho lisikike kama la kwanza. Nilipompigia simu kumweleza kuhusu msiba, alinipa pole ya kweli, akaniongezea muda hadi Jumamosi baada ya mazishi. Zaidi ya hapo hangeweza, kwa sababu vipindi vilikuwa vimeshatangazwa redioni.

Sasa, kwetu Rusinga mtu haingii matangani kama anayeingia dukani. Ukifika langoni unaanza kulia kwa sauti, unakimbia, unamwita marehemu, unamuuliza kwa nini amekuacha, mpaka ufike lilipo jeneza. Hasa kama wewe ni mjukuu wa kike. Anayeingia kimya anatazamwa, na baadaye anasemwa. Babu nilimlilia hivyo, kwa moyo wangu wote, na koo likanisaliti. Nilikwaruza kama mlango mbovu kwa wiki kadhaa, na kazi niliyokuwa nayo akapewa mwanamke mwingine. Sikumlaumu mtu, lakini tangu siku hiyo naliogopa lango la matanga kuliko jeneza lenyewe.

Kwa hiyo nilisafiri kwenda kumzika dani nikiwa na skafu shingoni, kipande cha tangawizi mdomoni na uongo tayari kichwani: ningesema naumwa koo. Na nilijichukia. Huyu ni mwanamke aliyenibeba mgongoni, nami nilikuwa napima nimlilie kiasi gani ili nisipoteze masomo ya kuku.

Shangazi yangu, dada ya baba, alinipokea barabarani, mbele kidogo ya lango. Yeye huuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Homa Bay, na sauti yake haijawahi kuhitaji maikrofoni. Alitazama skafu yangu, akanusa tangawizi.

"Kwani koo yako imefanya nini?"

"Inauma, waya," nikasema, maana shangazi tunamwita waya.

"Inauma ama unaificha?"

Nilishindwa kumdanganya. Nikamweleza yote palepale, kuhusu kuku, kuhusu Jumamosi, kuhusu yule mwanamke aliyepewa kazi yangu. Nilitarajia matusi. Mama yake alikuwa amelala ndani ya jeneza, na mimi namwambia habari za vifaranga.

"Yawa!" akasema. "Si hiyo sauti ndiyo inakulisha? Na wewe kila siku unaongea badala ya watu. Unaongelea sabuni, unaongelea benki. Leo hakuna mtu anaweza kulia badala yako?"

Sikuelewa. Alifungua leso yake kiunoni, akanifunika kichwa hadi machoni, akanikumbatia shingo kwa mkono mmoja.

"Inamisha kichwa. Fungua mdomo lakini usitoe kitu. Haya, kimbia."

Na akalia. Si kwa sauti yake, ile nene inayojulikana soko zima. Aliipandisha ikawa nyembamba, ikawa ya msichana, ikawa yangu. "Uwiii! Dani! Nani sasa ataniwekea ukoko wa ugali? Dani, ulinibeba mpaka kliniki na mvua inanyesha!" Watu walitupisha njia. Nilimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Ni yule wa redio. Analilia nyanyake vizuri, maskini." Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kilio cha kuazima kilinisitiri vizuri sana.

Nilikuwa karibu kucheka, Mungu anisamehe, pale shangazi aliposema jambo ambalo sikulijua.

"Dani! Nani sasa atanisikiliza? Ulikuwa unaweka redio kwa dirisha, unafukuza hata kuku! Unaambia wageni, nyamazeni, mtoto wangu anaongea!"

Lilikuwa tangazo la sabuni. Alikuwa akiwanyamazisha wageni wake ili wasikie habari za sabuni, kwa sababu ni mimi niliyezisema. Kilio kilinipanda hadi kooni, kikafika kwenye meno, nikakimeza pamoja na ile tangawizi. Kilishuka kikakaa kifuani, na hapo kikabaki. Hata tulipomfukia sikutoa sauti. Shangazi alikuwa upande wangu wa kulia na leso yake, akilia kwa zamu, mara kwa sauti yake, mara kwa yangu.

Jumamosi ilipofika nilikuwa kabatini Migori. Wasabato walikuwa wameondoka, fundi alikuwa amefunga, na hata jogoo alinionea huruma. Nilisoma kuhusu chanjo, nikasoma kuhusu banda lisilovuja. Kwenye somo la mwisho kulikuwa na sentensi isemayo kwamba kifaranga asiye na mama atafutiwe joto kwingine. Niliisoma kwa uchangamfu ule ule wa somo la kwanza, na sijui niliupata wapi. Nikatuma kila kitu.

Jioni mwenye kazi alipiga simu. "Imefika," akasema. "Nimesikiliza yote. Hata mimi siwezi kujua ulikatiza wapi ukaenda kuzika."

Nilimshukuru, nikaketi sakafuni nje ya kabati, miguu nimeinyoosha, mgongo ukutani. Sikujua kwamba mwili wangu wote ulikuwa umekakamaa hadi ulipolegea. Kazi ilikuwa imebaki yangu. Majirani walikuwa wanarudi kutoka kanisani, watoto wanapiga kelele uani, jogoo anawika saa isiyo yake, na kwa mara ya kwanza nilimwacha awike. Nafuu ile ilikuwa tamu. Lakini kifuani kile kitu bado kilikuwepo, kikingoja zamu yake.

Siku iliyofuata, baada ya misa, nilisafiri tena Rusinga. Sikumwambia mtu. Hema zilikuwa zimeshaondolewa, nyasi bado zimelala pale viti vilipokuwa, na shangazi, aliyekuwa amebaki kutunza boma, alikuwa anaanika omena uani. Nilisimama langoni peke yangu. Nikavua skafu, nikaitia mkobani. Kisha nikalia.

Nililia kwa sauti yangu mwenyewe, yote, nikikimbia kuelekea kaburi lililo kando ya nyumba yake. Nilimwita. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia habari za ile redio dirishani. Nilimwambia kwamba masomo ya kuku yatasikika karibuni, na kwamba ni marefu kuliko tangazo la sabuni, angeyafurahia. Maneno mengine hayakuwa maneno.

Majirani walitoka mbio, wengine na mikono yenye unga, wakimuuliza shangazi ni nani tena amefariki. Aliweka chini ungo wake, akainua mkono kuwazuia.

"Hakuna mtu amekufa," akawaambia. "Nyamazeni, mtoto anaongea."

Wakanyamaza, nami nikaendelea hadi sauti ikaisha yote.